Haitafunguka kwa Mac

Mwaka 2017 nilimdanganya rafiki yangu kwa kumwambia ukweli.

Tulikuwa tumerekodi wimbo chumbani mwangu hosteli, nikiwa mwaka wa kwanza chuoni. Maiki ilikuwa ya kukopa, tukaifunga kwa fimbo ya ufagio. Tulitundika blanketi mbili dirishani ili honi za matatu za Thika Road zisiingie kwa wimbo. Yeye aliimba, mimi nilichapa biti kwa FL Studio, kwenye laptopu ya Windows iliyokuwa na feni ya kelele kuliko posho mill. Ubeti wa pili aliurudia mara saba. Ile mara ya saba ilipoisha tulinyamaza wote wawili, halafu akasema, "Hiyo usiguse." Sikuigusa.

Wiki chache baadaye akanijia. Alikuwa amepata msee fulani Buruburu mwenye Mac, anayetumia Logic, na huyo msee alikuwa tayari kuumalizia wimbo bila malipo. Mimi nilikuwa nimeukalia miezi miwili. "Nitolee tu sauti zangu," akaniambia. "Weka kwa flashi, nitampelekea."

Nikamjibu bila hata kuinua macho kwa skrini: "Buda, hiyo haitafunguka kwa Mac."

Na ilikuwa kweli. Faili la mradi la FL Studio, lile linaloishia na .flp, halifunguki ndani ya Logic hata leo. Mwaka huo FL Studio yenyewe haikuwa hata na toleo rasmi la Mac. Lilikuja Mei 2018. Ungenisimamisha mbele ya hakimu ningethibitisha kila neno nililosema. Shida ni kwamba rafiki yangu hakuniomba faili la mradi. Aliniomba sauti zake. Na sauti ni WAV, aina ya faili iliyoletwa na Microsoft na IBM mwaka 1991, ambayo Mac inaifungua, Linux inaifungua, na hata simu yako inaifungua. Ilikuwa kazi ya dakika tano: unabonyeza kutoa wimbo, unachagua kila sauti itoke kivyake, unangoja, unakopi kwa flashi. Mimi nilijua hivyo. Yeye hakujua. Uongo wangu wote ulikaa katikati ya hayo mambo mawili.

Nimeuliza watu kadhaa kama huo ni uongo kweli. Wengine wanasema hapana, uongo ni kusema kitu ambacho si kweli, na mimi nilisema kitu cha kweli. Wakili mmoja niliyemwandikia makala aliniambia nilikuwa "mwangalifu". Lakini hebu fikiria ni kwa nini tunachukia kudanganywa. Maneno yenyewe hayana shida. Shida ni kwamba mtu amechukua usukani wa maamuzi yako bila kukuambia. Rafiki yangu alitoka chumbani mwangu akiamini kwamba ukuta aliogonga ulijengwa na makampuni huko ng'ambo. Ukuta ulikuwa mimi. Kama angejua hivyo, angegombana nami, angenibembeleza, angenilipa, angeita mabeste zetu waamue. Mtu ana njia nyingi za kupambana na mtu. Mashine unaisalimu tu amri.

Ndiyo maana naona ukweli wa kitaalamu ni mahali pazuri sana pa kujificha. "Sistimu iko chini." "Hiyo fomu haikubali." "Hiyo haitafunguka kwa Mac." Kila siku mtu Nairobi anamwambia mwenzake sentensi kama hiyo, na mara nyingi ni kweli. Lakini mara nyingine ni mtu tu, amekaa nyuma ya mashine, anasema hapana kwa sauti isiyo yake.

Kwa nini nilifanya hivyo? Nimekuwa na miaka ya kutosha kujipa sababu nzuri, na nitazitoa, kwa sababu baadhi yake si za kijinga.

Ya kwanza ni kazi. Nilikuwa nimekesha. Biti ilikuwa yangu, mpangilio ulikuwa wangu, na hakuna mtu aliyekuwa amenipa hata mia mbili ya bando. Prodyuza yeyote wa mtaani anaijua hiyo hadithi: unampa mtu faili zako, baada ya mwezi unasikia besi yako kwa wimbo wa mtu usiyemjua, na jina lako halipo popote. Kushikilia faili ndiyo silaha ya pekee ambayo prodyuza asiye na mkataba anayo.

Ya pili ni aibu. FL Studio yangu ilikuwa ya kreki, niliyopewa kwa flashi na jirani wa hosteli, na nusu ya plagini zangu zilikuwa hivyo hivyo. Niliogopa huyo msee wa Buruburu angesikia sauti zikiwa uchi, kila moja peke yake, ajue kwamba sijui kurekodi. Jambo la kuchekesha ni hili: toleo la bure la FL Studio, lile halali la kujaribia, linakunyima kitu kimoja kikubwa tu. Ukishahifadhi mradi huwezi kuufungua tena mpaka ununue. Lakini kutoa WAV linakuruhusu. Yaani hata mtu asiye na senti, bila kuiba chochote, anaweza kumtolea mwenzake sauti zake. Umaskini haukunizuia. Nilikuwa nimezoea tu kuutaja kila nilipotaka kuachwa kama nilivyo.

Ya tatu ndiyo ya kweli. Niliogopa angeenda na asirudi.

Sasa hebu turudi kwa ile sababu ya kazi, maana ndiyo yenye uzito. Biti ilikuwa yangu, sawa. Lakini yeye hakuomba biti. Aliomba sauti iliyotoka kwa koo lake. Kwa kuwa zote zilikuwa ndani ya faili moja, kwa programu yangu, kwa laptopu yangu, nilianza kuziona zote kama mali yangu. Hili ni jambo ambalo programu za muziki zinatufanyia bila sisi kuona. Kwa skrini, sauti ya rafiki yako na ngoma uliyodownload zinafanana kabisa. Zote ni visanduku vya rangi. Unavikata, unavivuta, unavifuta. Baada ya saa tatu za kuvuta visanduku, mkono wako unasahau kwamba kimoja kilikuwa mtu amefunga macho mbele ya fimbo ya ufagio.

Kiswahili kina neno kwa kitu cha mwenzako kilicho mikononi mwako: amana. Amana haiko sawa na mali, wala haiko sawa na mkopo. Mkopo umepewa utumie. Amana umepewa utunze, na siku mwenyewe akiitaka, unairudisha. Ukiizuia, hilo nalo lina jina: hiana. Nilikua nikidhani hayo ni maneno ya mashairi ya Pwani na khutba za Ijumaa. Halafu rafiki yangu wa Mombasa aliyesoma madrasa akanieleza kanuni moja ya sheria ya Kiislamu ambayo imekataa kunitoka akilini. Ukiwekewa amana, ukaitunza vizuri, ikapotea bila uzembe wako, hudaiwi. Moto ukiunguza nyumba yako pamoja na amana ya jirani, pole kwenu wote. Lakini kama mwenyewe alikuja kuitaka, nawe ukakataa kumpa bila sababu ya haki, basi kuanzia siku hiyo kila kitu kitakachoipata kiko juu ya kichwa chako. Hata moto. Hata mwizi.

Nilipoisikia hiyo ilibidi nikae chini. Kwa sababu wiki sita baada ya kumwambia rafiki yangu kwamba haitafunguka kwa Mac, mlango wa chumba changu ulivunjwa nikiwa darasani. Walibeba laptopu, chaja, blanketi moja na sufuria.

Miaka yote nilikuwa nikimwambia, na kujiambia, kwamba wizi si kosa langu. Nani angeweza kunilaumu? Mimi pia niliibiwa. Lakini kanuni hiyo inauliza swali tofauti. Haiulizi nani alivunja mlango. Inauliza: wakati mlango unavunjwa, hiyo kitu ilistahili kuwa wapi? Na jibu ni kwamba sauti ya rafiki yangu ilistahili kuwa Buruburu, kwa Mac ya mtu nisiyemjua, imefunguka vizuri kabisa.

Nilikuwa nimejitumia faili la mradi kwa barua pepe, kwa hivyo nilijiambia si mbaya sana. Nilikopa kompyuta ya mtu, nikaliingiza, likafunguka. Biti yangu yote ilikuwepo, kila noti. Halafu programu ikaleta orodha ya vitu ambavyo haikuvipata. Unajua, faili la mradi halibebi sauti zilizorekodiwa, isipokuwa ukiliambia lizifungashe pamoja. Lenyewe ni kama karatasi ya mapishi: linasema chukua mchele kutoka rafu ile, lakini mchele haumo ndani ya karatasi. Kwa hiyo nikaonyeshwa majina. Kiitikio cha kwanza, hakipatikani. Ubeti wa pili, mara ya sita, haupatikani. Ubeti wa pili, mara ya saba, haupatikani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nilibaki na daftari zima, limepangwa vizuri, na mali hakuna.

Nilibonyeza kucheza. Biti ikaenda yenyewe, na pale ambapo angeingia, pakawa na nafasi ya urefu kamili wa pumzi yake.

Unaweza kuniambia kwamba naibeba hii stori kuliko uzito wake. Ni wimbo mmoja wa vijana wawili wa hosteli. Lakini nikianza kuangalia historia ya hizi programu tunazotumia, naona tabia yangu imevaa suti.

Chukua Logic, ile programu ya msee wa Buruburu. Leo kila mtu anajua Logic ni ya Mac. Lakini haikuanza hivyo. Ilitengenezwa na kampuni ya Ujerumani iliyoitwa Emagic, na watu walikuwa wakiitumia kwa Mac na kwa Windows pia. Julai 2002 Apple ikainunua Emagic, na mwaka huo huo toleo la Windows likasimamishwa. Mtu aliyekuwa amejenga nyimbo zake ndani ya Logic kwenye Windows aliamka akiwa na chaguo mbili: kununua mashine mpya ya kampuni nyingine, au kuendelea na toleo ambalo halingekua tena, akiomba Mungu kompyuta yake isife. Hakuna aliyemwibia nyimbo. Zilikuwa zake kabisa. Funguo tu ndizo zilikuwa za mtu mwingine.

Je, Apple ilifanya kosa? Kisheria hapana. Kampuni inauza inachotaka kuuza. Na kuna hoja ya haki kwamba kutengeneza programu kwa mifumo endeshi miwili au mitatu ni gharama: plagini ya Windows haikai kwa Mac bila kujengwa upya, na ya Mac haikai kwa Linux. Hakuna mtu analazimika kubeba hiyo kazi milele. Lakini naona kuna tofauti kati ya kusema "sitaendelea nawe" na kusema "na huwezi kuondoka na vitu vyako." La kwanza ni haki ya kila mtu. La pili linahitaji sababu nzito sana, na "nataka ubaki" si sababu nzito. Mimi najua, maana ndiyo niliyokuwa nayo.

Upande wa pili kuna watu waliofanya kinyume, na nikiwa nimekasirika na dunia napenda kuwakumbuka. Mwanzo wa miaka ya 1980, kinanda cha umeme cha kampuni moja hakikuweza kuongea vizuri na cha kampuni nyingine. Ukinunua cha Roland, ulifaa kuendelea kununua vya Roland. Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland kule Japani, na Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits huko Marekani, walikuwa washindani wa biashara. Lakini walisukuma wazo la lugha moja ambayo vinanda vyote vingeielewa. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, waliunganisha kinanda cha Sequential na cha Roland kwa waya. Ukigusa kimoja, kingine kinaitika. Hiyo lugha ni MIDI, na waliiachia dunia bila kuitoza ada. Miaka 30 baadaye, 2013, wote wawili walipewa tuzo ya Grammy ya upande wa ufundi. Leo ukichomeka kinanda kidogo cha mtumba kwa laptopu, iwe Windows, Mac au Linux, ni hiyo hiyo MIDI inaongea.

Kinachonigusa si kwamba walikuwa wema. Sijui kama walikuwa wema; walikuwa wafanyabiashara. Kinachonigusa ni kwamba walikubali hatari ileile niliyoikataa mimi. Kila mmoja alimpa mteja wake uwezo wa kwenda kwa mshindani bila kuvunja alichokuwa nacho. Na kampuni zao hazikufa kwa sababu ya hilo. Watu waliendelea kununua Roland kwa sababu waliipenda.

Labda hapo ndipo mawazo yangu yote yanaishia. Tunafundishwa kwamba uaminifu ni kutomwacha mwenzako. Sawa. Lakini kuna uaminifu mwingine, mgumu zaidi, ambao ni kuhakikisha mwenzako anaweza kukuacha. Kwamba siku akitaka kwenda, au ukifa, au laptopu yako ikiibiwa, kazi aliyoifanya nawe haitakwama kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa na funguo. Ukibaki na mtu ambaye hawezi kuondoka na sauti yake, huwezi kujua kama anakupenda au amekwama tu.

Na yule prodyuza asiyelipwa? Sijamsahau, mimi ndiye yeye. Adai pesa zake. Aandikishe makubaliano kabla ya maiki kuwashwa, hata kama ni kwa WhatsApp. Abaki na biti yake mpaka alipwe. Hiyo ni jasho lake. Lakini koo la mtu halifai kuwa rehani. Deni linadaiwa kwa jina lake: "Unanidai sauti, nakudai elfu mbili." Hapo tunaweza kugombana kama watu. Siwezi kukudai kimya kimya kupitia kwa mfumo endeshi.

Siku hizi nina desturi, na haihitaji pesa. Tukimaliza kurekodi, kabla mtu hajavaa viatu, natoa kila sauti kivyake kwa WAV, zote zikianzia sekunde ya kwanza, ili ukizipanga kwa programu yoyote zikae pamoja. Sauti zinatoka mbili mbili: iliyopambwa na ile mbichi. Naongeza faili dogo la maandishi: kasi ya wimbo, ufunguo, nani alifanya nini, nani anadaiwa nini. Vyote kwa folda moja, na mwimbaji anaondoka nayo. Wengine hawaifungui kamwe. Sio lazima.

Rafiki yangu yuko Doha sasa, anafanya kazi hotelini. Alipokuja likizo mwaka 2023 tulikutana kwa kibanda, chai na chapo, na nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Alicheka kwanza, cheko la mtu aliyechoka, halafu akazungusha kikombe chake kwa muda. "Nilidhani ni kompyuta," akasema. Baadaye akaniuliza kama nayakumbuka maneno ya ubeti wa pili. Tulijaribu. Yeye alikumbuka mistari miwili, mimi nikakumbuka wapi alivuta pumzi. Hatukuupata.

Hatukukumbatiana wala nini. Alilipa chai yake, nikalipa yangu.

Lakini mwezi uliopita alinitumia sauti aliyorekodi kwa simu, usiku, nadhani kwenye ngazi za mahali wanapolala, kwa sababu kuna mwangwi. Wimbo mpya. Niliuchapia biti kwa siku mbili, nikautoa, nikamrudishia folda nzima: biti, sauti yake mbichi, maandishi, kila kitu. Nilimwambia kama kuna mtu huko Doha anaweza kuumalizia vizuri kuliko mimi, ampe.

Alijibu kesho yake asubuhi. "Imefunguka." Halafu ujumbe wa pili: mbona biti yako imefunika sauti yangu?